Tupime ulinzi wa amani kwa usiku wa raia

Kila mwezi wa Juni, wakati Bunge letu linahitimisha mjadala wa bajeti kule Dodoma, kuna bajeti nyingine inayopitishwa New York ambayo Watanzania wachache huifuatilia. Ni ya operesheni za ulinzi wa amani za Umoja wa Mataifa. Mwaka wake wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, sawasawa na wetu. Kwa mwaka 2024/25 ilikuwa kama dola za Marekani bilioni 5.6, na kwa miaka mingi misheni ya Kongo peke yake, MONUSCO, ilikuwa ikitengewa zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka. Wawakilishi wetu wana kiti katika Kamati ya Tano ya Baraza Kuu, ambako bajeti hiyo hujadiliwa fungu kwa fungu. Vijana wetu ndio wanaoitekeleza kwa miguu yao, na baadhi yao wamerudishwa nyumbani ndani ya majeneza.

Naandika kuhusu bajeti hiyo kwa sababu moja. Inajitangaza kuwa ni bajeti ya matokeo, lakini kinachohesabiwa zaidi ndani yake ni shughuli. Tanzania ina haki ya kulisema jambo hili kwa sauti, na ushahidi wa namna ya kulirekebisha tunao hapahapa Mkoa wa Pwani.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi katika zahanati za Kibaha na Kisarawe, na sasa naishi Soga, penye reli mbili: ile ya zamani iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, na hii ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu alipomaliza darasa la saba huko Mzenga, alipitia JKT Ruvu, akaingia jeshini, na baadaye akapelekwa nje kulinda amani. Misheni aliyokwenda siitaji, maana yeye bado ni askari na mambo ya jeshi yana utaratibu wake.

Aliporudi likizo nilimuuliza kazi yao ilikuwaje. Akanijibu: "Shangazi, tulikuwa tunatoka asubuhi, tunarudi jioni. Tukirudi tunaandika magari mangapi yametoka, askari wangapi, kilometa ngapi, tumeonana na nani. Wale wanaochinja watu walikuwa wanakuja usiku."

Hakumlaumu mtu. Alieleza kazi yake kama ilivyokuwa. Lakini maneno yale yalinikaa, kwa kuwa mimi nami nimejaza vitabu vya takwimu maisha yangu yote ya utumishi, na nilijua vizuri sana alichokuwa anakisema.

Haki isemwe kwanza. Wazo la bajeti ya matokeo ni zuri, na lilikuja kutibu ugonjwa wa kweli. Zamani bajeti za Umoja wa Mataifa zilikuwa orodha ya mahitaji: nafasi za kazi, magari, mafuta, pango la ofisi. Ukishatumia fedha kama ulivyoomba, umefaulu. Mwaka 1997 Kofi Annan, mara tu baada ya kuwa Katibu Mkuu, alipendekeza kuachana na mtindo huo. Desemba 2000 Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 55/231 lililoweka msingi wa bajeti inayozingatia matokeo, na miaka michache baadaye mtindo huo ukafika kwenye misheni za kulinda amani. Tangu hapo kila misheni huandaa majedwali yanayoonyesha lengo, mafanikio yanayotarajiwa, viashiria vya kupima mafanikio hayo, kazi zitakazofanyika, na mambo ya nje yanayoweza kukwamisha. Mwaka ukiisha, huandikwa ripoti ya kulinganisha kilichoahidiwa na kilichofanyika.

Sisi wa Kibaha hatuna haja ya kuelezwa hasara ya kuhesabu mizigo bila kuhesabu matokeo. Mwaka 1986 ililetwa katika shamba la serikali la Vikuge shehena ya viuatilifu, msaada kutoka Ugiriki, DDT ikiwemo na sehemu ya shehena ikiwa imeshapitwa na muda. Kwa hesabu ya makaratasi, msaada ulitolewa na ukapokelewa. Viuatilifu vile vikakaa kwenye banda la wazi, banda likachakaa, na sumu ikaingia ardhini. Miaka mingi baadaye wanasayansi walikuwa bado wanapima DDT katika udongo wa Vikuge. Mtu yeyote anayetetea bajeti ya orodha ya mizigo aje kwanza aone Vikuge.

Kwa hiyo mimi natetea bajeti ya matokeo. Ninachokataa ni kuiita hivyo huku hesabu ikibaki ileile ya zamani.

Chukua kipimo cha siku za doria, ambacho kimejaa katika majedwali ya misheni. Hesabu yake ni rahisi: idadi ya askari katika doria moja, mara idadi ya doria kwa siku, mara siku za mwaka. Tuseme kambi moja inatoa doria 4 kila siku, kila doria ina askari 15. Zidisha kwa siku 365, unapata siku za doria 21,900. Namba hiyo ikiandikwa katika ripoti inapendeza. Inaonyesha kwamba watu wamefanya kazi, na kweli wamefanya. Lakini haisemi doria ilipita barabara ipi, saa ngapi, na kama mama wa kijiji kile aliweza kwenda kuvuna mihogo yake wiki ile. Kambi inaweza kuvuka lengo la siku za doria katika mwaka uleule ambao kijiji kilicho kilometa chache kutoka hapo kimechomwa moto.

Viashiria vyenye uzito vipo pia katika majedwali hayo, kama idadi ya raia waliouawa au waliokimbia makwao. Tatizo ni kwamba vinapoharibika, maelezo huwa mepesi: makundi yenye silaha yameongeza mashambulizi. Ni kweli yameongeza. Lakini misheni ilipelekwa pale kwa sababu ya makundi hayohayo. Safu ya mambo ya nje imekuwa mahali pa kuweka kila kilichoshindikana, huku siku za doria zikibaki mahali pa kuweka kila kilichofaulu.

Mwaka 2014 ofisi ya Umoja wa Mataifa ya uangalizi wa ndani ilitoa tathmini ambayo ingepaswa kubadilisha kila kitu. Wakaguzi walipitia misheni zenye jukumu la kulinda raia na kukuta matukio 507 ya mashambulizi dhidi ya raia yaliyoripotiwa kati ya 2010 na 2013. Walinda amani walichukua hatua ya papo hapo katika matukio 101 tu. Hiyo ni moja katika tano. Miaka hiyohiyo majedwali ya doria yalikuwa yakijazwa, na fedha zilikuwa zikipitishwa kila Juni.

Kisha ikaja Semuliki. Jioni ya Desemba 7, 2017, waasi wa ADF walivamia kambi ya walinda amani huko Semuliki, eneo la Beni, Kivu Kaskazini. Kambi ilikuwa ya vijana wetu wa JWTZ waliokuwa katika kikosi cha kujibu mashambulizi, FIB, kilichoundwa kwa azimio namba 2098 la Machi 2013. Ni kikosi hichohicho ambacho, mwezi Novemba 2013, kilisaidia kulishinda kundi la M23 chini ya Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Semuliki walipigana kwa saa nyingi. Walikufa 15, wakajeruhiwa zaidi ya 40. Katibu Mkuu António Guterres alisema lilikuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo.

Uchunguzi uliofuata uliongozwa na Dmitry Titov. Matokeo yake yalitangazwa Machi 2018, na kila Mtanzania angepaswa kuyajua. Wachunguzi walikuta mapungufu katika mafunzo. Walikuta kwamba misheni haikuwa na mpango wa dharura unaotekelezeka wa kuwapelekea askari wale nguvu ya ziada au kuwaondoa. Walitaja udhaifu wa uongozi na amri, na ukosefu wa nyenzo za lazima: usafiri wa anga, wahandisi, taarifa za kijasusi.

Nikiisoma orodha ile naiona kwa macho ya mkunga. Mama anatokwa damu baada ya kujifungua, usiku, zahanati iko mbali na hospitali. Hapo wingi wa mahudhurio ya kliniki ya mwezi ule haumsaidii. Kinachomwokoa ni kama dawa ya kuzuia damu ipo kabatini, kama simu inapokelewa, kama gari linafika kabla damu haijamwishia. Vijana wa Semuliki walihitaji mambo ya namna hiyo: helikopta yenye uwezo wa kuruka gizani, barabara inayopitika, taarifa mapema, na mpango unaojulikana na kila mmoja. Hayo ndiyo yaliyokosekana, katika misheni iliyokuwa inatumia zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka.

Wapo walioyaona haya kutoka ndani. Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazil, aliyewahi kuwa kamanda wa majeshi ya MONUSCO, aliandika ripoti kuhusu usalama wa walinda amani mwishoni mwa mwaka uleule wa 2017. Moja ya mapendekezo yake lilikuwa kwamba vikosi vya Umoja wa Mataifa viutumie usiku kupambana, maana vina vifaa ambavyo adui hana. Jenerali yule alisema kutoka juu kile ambacho mwanangu alinieleza kutoka chini: hatari iko usiku.

Sasa nije Pwani. Januari 2011, Wizara ya Afya kwa msaada wa Serikali ya Norway ilianzisha katika mkoa wetu wote majaribio ya malipo kwa ufanisi, mpango ambao sisi watumishi tuliuita P4P. Kila miezi sita kituo kilipimwa kwa huduma zilizochaguliwa: wanawake wangapi wamejifungulia kituoni, wajawazito wangapi wamepewa vidonge vya SP vya kuzuia malaria, watoto wangapi wamechanjwa, ripoti za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zimefika kwa wakati au hazikufika. Kituo kikifikia lengo, watumishi walipata bakshishi juu ya mshahara, na sehemu ya fedha ilibaki kwa mahitaji ya kituo. Wasimamizi walikuja kuhakiki, wakilinganisha vitabu na ripoti tulizopeleka.

Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walitathmini mpango huo kwa kulinganisha Pwani na wilaya jirani za Morogoro na Lindi. Waligundua kwamba kujifungulia vituoni kuliongezeka kwa zaidi ya asilimia 8 ukilinganisha na wenzetu, na utoaji wa dawa za kukinga malaria kwa wajawazito kwa kama asilimia 10. Kuadimika kwa dawa kulipungua. Lakini huduma nyingi nyingine zilizokuwa zinalipiwa hazikuonyesha tofauti ya maana.

Matokeo yale hayakunishangaza. Kumpa mjamzito vidonge vya SP anapokuja kliniki ni jambo lililo mikononi mwa muuguzi. Dawa ikiwepo, anampa, anamwona akimeza, anaandika. Kumfanya mama ajifungulie kituoni kunahitaji zaidi, lakini bado mkunga ana nafasi: anaweza kumpokea vizuri, kukaa naye, kumfanya akamwambie jirani yake kwamba pale hawatukani. Mambo mengine yalitegemea umbali, nauli, mume, mvua za masika na barabara. Hayo mtumishi hawezi kuyabadilisha kwa bakshishi ya miezi sita.

Na yapo mambo ambayo hesabu ile haikuyaona. Mama aliyeandikwa kitabuni ni mama aliyefika. Aliyezalia njiani, au aliyekaa nyumbani kwa sababu usiku ulikuwa mkubwa na pikipiki haikupatikana, hakuwa na mstari katika kitabu chetu. Kila mkunga anajua pia kwamba partografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu saa kwa saa, inaweza kujazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Mistari inanyooka vizuri, mhakiki anaweka tiki, na mama hakufuatiliwa hata kidogo. Karatasi safi kupita kiasi ilikuwa inanitia wasiwasi kuliko karatasi iliyochafuka.

Hayo ndiyo mafunzo ninayotaka yafike New York. Pima kitu kilicho karibu na uhai wa mtu. Mpime mtumishi kwa jambo lililo katika uwezo wake, na umpe nyenzo zake kabla hujampima. Mhakiki asiwe yule anayepimwa. Na muulize aliyehudumiwa, pamoja na yule ambaye huduma haikumfikia.

Najua nitaambiwa kwamba vita si zahanati. Amani ya Kongo inategemea Kinshasa, Kigali, Kampala, bei ya madini, na mambo makubwa kuliko askari wa kambi moja. Nakubali. Januari 2025 M23 waliingia Goma na MONUSCO wakiwa mjini humo. Wanajeshi wa nchi za SADC, wetu wakiwemo, walikuwa pale kwa misheni nyingine, wakapoteza wenzao, na misheni yao ikafutwa Machi mwaka huohuo. Hakuna jedwali ambalo lingezuia hilo.

Lakini hoja hiyo inaniunga mkono. Kama amani ya nchi nzima haiko mikononi mwa kikosi, basi kikosi kisipimwe kwa amani ya nchi nzima, wala kisijifiche nyuma ya siku za doria. Kipimwe kwa kilicho mikononi mwake. MONUSCO yenyewe ilishajenga njia ya kufanya hivyo: ina wasaidizi wa kuunganisha kambi na wakazi, Wakongo wanaozungumza lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo, na ina mitandao ya tahadhari ambapo wanakijiji hupiga simu wakiona hatari. Ukiwa na mtandao wa namna hiyo una kipimo bora kuliko chochote. Simu zilipigwa ngapi? Ngapi zilijibiwa? Baada ya dakika ngapi? Waliofika walikuta nini?

Kuanzia 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nao waliwahoji maelfu ya wakazi wa mashariki mwa Kongo, awamu baada ya awamu, wakiuliza kama mtu anajisikia salama kutembea usiku kijijini kwake. Kumbe inawezekana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye kitanda hiki ni mkazi wa Beni, wa Oicha, wa Mbau. Tangu Agosti 2018 Umoja wa Mataifa una pia mfumo mpya wa kupanga na kutathmini utendaji wa misheni, unaojulikana kwa kifupi kama CPAS, ambao nia yake ni kutazama mabadiliko katika maisha ya watu kuliko wingi wa shughuli. Kinachotakiwa ni majibu ya aina hiyo yaamue fedha inakwenda wapi, yasiishie kwenye makabrasha ya wapangaji.

Kuna sababu ya kuharakisha. Oktoba 2025 Umoja wa Mataifa ulitangaza kupunguza kama robo ya askari na polisi wake katika misheni tisa, kwa kuwa fedha hazijaletwa na nchi zinazopaswa kuchangia. Wakati wa kupunguza, kinachohesabiwa hutetewa na kisichohesabiwa hukatwa. Kama kipimo kikuu kitabaki siku za doria, nahofia watakaoondolewa kwanza ni wakalimani na wasaidizi wa vijijini, watu ambao kazi yao haionekani katika hesabu ya askari mara magari mara siku. Doria itabaki, lakini itakuwa haijui inakwenda wapi.

Ninaiomba serikali yetu ipeleke mambo manne katika Kamati ya Tano.

La kwanza, kila misheni yenye jukumu la kulinda raia iwe na kiashiria kimoja cha mbele kinachotokana na wakazi wenyewe: je, wiki hii mmelala majumbani mwenu, mmekwenda shambani na sokoni bila hofu? Maswali hayo yaulizwe na watu wasioajiriwa na misheni.

La pili, muda wa kujibu tahadhari upimwe kambi kwa kambi, mchana na usiku kila kimoja peke yake. Wastani wa siku nzima unaficha giza.

La tatu, kambi isipewe lengo bila nyenzo za kulifikia. Fedha za helikopta, wahandisi na taarifa za kijasusi ziandikwe katika jedwali moja na lengo zinalolitumikia, ili anayekata fungu aone ni usiku wa nani anaukata. Tayari nchi inayotoa askari inaweza kukatwa malipo pale vifaa vyake vikubwa visipokuwepo au visipofanya kazi. Ni sawa. Basi na misheni nayo iulizwe kwa ukali uleule inaposhindwa kumpa askari njia ya kutoka.

La nne, lengo lisilofikiwa lisiwe sababu ya moja kwa moja ya kumnyima mtu fedha. Nimeona katika huduma za afya: ukimtisha mtumishi kwa namba, atakuletea namba. Lengo likikosekana, liitishe kikao cha kutafuta sababu, na sababu iandikwe kwa jina lake, isitupwe katika safu ya mambo ya nje.

Nchi yetu inaweza kuyasema haya bila kuona haya. Mwaka 2013 Watanzania saba waliuawa katika shambulio la kuvizia huko Darfur. Semuliki tulipoteza 15. Nyumba zilizopokea simu hizo ziko katika mikoa yetu, na watoto wa marehemu wanasoma katika shule zetu. Sisi wenyewe pia tumepita njia ya vipimo: tumekuwa na Matokeo Makubwa Sasa kuanzia 2013, tumekuwa na P4P kabla yake, tumejua wapi inasaidia na wapi inadanganya. Nchi chache katika ukumbi ule zina mambo yote mawili, damu iliyomwagika na uzoefu wa hesabu.

Mwanangu anaweza kupelekwa tena. Nitamruhusu kwa moyo mmoja, maana wale anaokwenda kuwalinda ni mama kama mimi, wanaozungumza Kiswahili kama mimi. Ila nataka anapotoka kambini awe anapelekwa mahali na saa ambayo watu wanamhitaji, na akizidiwa awepo wa kumfuata.

Waheshimiwa wabunge wa Kibaha Vijijini na Kisarawe, na wengine wote ambao majimbo yenu yametoa askari: kabla ya bajeti ijayo kupitishwa New York, muulizeni Waziri wa Mambo ya Nje na Waziri wa Ulinzi swali hili. Tangu Semuliki, kambi ya walinda amani ikivamiwa usiku, msaada unatakiwa kufika baada ya muda gani, na nani anaupima muda huo? Jibu litolewe bungeni, kwa Kiswahili, mbele ya wananchi wote.